Sheria, kanuni na nyaraka za elimu Tanzania: maswali ambayo wazazi hawachoki kuuliza

Nilikaa kwenye kamati ya shule ya msingi kwa miaka sita. Karibu kila kikao cha wazazi alisimama mtu akasema "sheria inakataza", akasimama mwingine akamjibu "Rais alishasema". Ukiwauliza sheria ipi na tamko lipi, wote wawili wananyamaza. Maswali yaliyo hapa ndiyo yaliyojirudia katika vikao hivyo, na baadaye dukani, msibani na kwenye daladala. Majibu yanahusu Tanzania Bara. Wa Zanzibar aanzie swali la 20.

## Sheria, kanuni, waraka, sera

1. Sheria ya elimu ya Tanzania ni ipi hasa?

Ni Sheria ya Elimu Na. 25 ya mwaka 1978, ambayo kwenye juzuu za sheria inaitwa Sura ya 353. Ilifuta ile ya mwaka 1969, iliyokuwa imezitia shule za mashirika mikononi mwa serikali. Ya 1978 nayo imefanyiwa marekebisho mara kadhaa. Yale ya 1995 yalifungua zaidi mlango wa shule binafsi, na ya 2016 yalihusu ndoa na mimba za wanafunzi.

Ukitaka kuelewa kwa nini ilitungwa, rudi nyuma kidogo. Novemba 1974, Azimio la Musoma liliagiza kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe darasani ifikapo 1977. Madarasa yakajengwa kwa nguvu za wananchi, walimu wakafundishwa harakaharaka, watoto wakajaa. Azimio lilikuwa la chama, na azimio la chama haliwezi kumfikisha mzazi mahakamani. Sheria ya 1978 ndiyo iliyogeuza wito ule kuwa wajibu: mtoto aandikishwe, ahudhurie, na mzazi awajibike.

Sheria hii haiko peke yake. Baraza la Mitihani (NECTA) lina sheria yake ya 1973. Vivyo hivyo Taasisi ya Elimu Tanzania, inayoandaa mitaala (1975), VETA, ya mafunzo ya ufundi stadi (1994), Bodi ya Mikopo (2004), vyuo vikuu (2005) na Tume ya Utumishi wa Walimu (2015). Juu ya hizo ipo Sheria ya Mtoto ya 2009. Watu wengi hawaihusishi na shule, nami naiona kuwa silaha kubwa kuliko zote kwa mzazi. Nitairudia.

2. Sheria, kanuni, waraka na sera vina tofauti gani?

Sheria hutungwa na Bunge na kusainiwa na Rais. Kanuni hutungwa na Waziri kwa mamlaka aliyopewa na sheria, nazo hutangazwa kwenye Gazeti la Serikali, ndiyo maana zina namba ya Tangazo la Serikali. Waraka ni agizo la kiutawala. Wa elimu hutoka Wizarani, kwa kawaida kwa saini ya Katibu Mkuu au Kamishna wa Elimu, ukiwaelekeza maofisa na wakuu wa shule namna ya kutenda. Sera ni mwelekeo: inasema serikali inataka kufika wapi.

Vipime kwa adhabu. Sera haina adhabu. Waraka unaweza kumletea mkuu wa shule hatua za kinidhamu kazini, lakini haumpeleki mtu jela. Anayepelekwa jela anapelekwa na sheria, au na kanuni ambayo sheria imeipa uwezo huo. Kwa hiyo mtu akikutishia kifungo "kwa mujibu wa waraka", muombe akuoneshe kifungu cha sheria.

3. Kama waraka si sheria, kwa nini unabadilisha maisha yetu kiasi hiki?

Kwa sababu unafika haraka. Muswada unasomwa bungeni, unapelekwa kwenye kamati, wadau wanaitwa kutoa maoni. Waraka unasainiwa leo na kesho unatumika.

Mwishoni mwa Februari 2023 Wizara ilitoa waraka unaozuia huduma ya bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, kuanzia tarehe 1 Machi, isipokuwa kwa kibali maalumu. Lengo lake naliunga mkono kwa moyo wote: mtoto wa miaka sita anahitaji mzazi wake jioni. Lakini walikuwapo wazazi wanaofanya kazi mbali na nyumbani, na wajane waliokuwa wametegemea bweni, ambao walijikuta na siku chache tu za kupanga upya maisha. Tatizo hapo halikuwa lengo. Lilikuwa muda.

Na kinachokuja haraka huondoka haraka. Haki uliyopewa kwa waraka inaweza kufutwa kwa waraka mwingine bila Bunge kuulizwa. Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila mzazi alishike kabla ya mengine yote, na swali la 14 litaonesha kwa nini.

4. Tamko la Rais au waziri kwenye mkutano wa hadhara ni sheria?

Si sheria. Lakini usilidharau, maana maofisa wa serikali hulitekeleza kama sheria. Juni 2017, mkoani Pwani, Rais Magufuli alisema kuwa msichana aliyepata mimba hatarudi shule ya serikali katika utawala wake. Hakuna kifungu kilichobadilishwa siku ile, na bado milango ilifungwa kwa miaka minne. Januari 2018 alipiga marufuku michango shuleni, na siku chache baadaye wakuu wa shule wakawa wanarudisha fedha za wazazi.

Tamko la namna hiyo kwa kawaida hufuatwa na barua au waraka wa utekelezaji. Utafute huo, kwa sababu ndani yake ndimo mlimo na masharti ambayo mkutano wa hadhara haukuyataja.

5. Katiba inampa mtoto wangu haki ya elimu?

Ibara ya 11 inatambua haki ya kila mtu kujielimisha, na inaitaka serikali ifanye jitihada watu wote wapate fursa sawa. Ni maneno mazuri. Ila ibara hiyo iko kwenye sehemu ya malengo ya msingi, na Ibara ya 7 inasema masharti ya sehemu hiyo hayatekelezwi kwa nguvu ya mahakama. Mzazi hawezi kuishtaki serikali akitegemea Ibara ya 11 peke yake.

Ndiyo maana nasisitiza Sheria ya Mtoto ya 2009. Inamtambua mtoto kuwa ni mtu wa chini ya miaka 18, na inamtaja mzazi au mlezi kuwa na wajibu wa kumpatia chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Anayekiuka sehemu hiyo anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, kufungwa kwa muda usiozidi miezi sita, au vyote viwili. Hiyo inatekelezwa na mahakama.

6. Nazisoma wapi, na kwa lugha gani?

Nyaraka za elimu huandikwa kwa Kiswahili, na mkuu wa shule anapaswa kuwa nazo ofisini. Afisa Elimu Kata anazo pia. Sheria zenyewe kwa miaka mingi zilikuwa kwa Kiingereza, jambo lililomfungia nje yule aliyezihitaji kuliko wote. Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, na kazi ya kutafsiri imekuwa ikiendelea tangu hapo.

Tahadhari moja: sheria zinapochapwa upya katika toleo jipya, namba za vifungu zinaweza kusogea. Ukimwandikia mtu barua ukataja kifungu, taja na toleo ulilosoma.

## Kuandikisha na kuhudhuria

7. Mtoto aanze shule akiwa na miaka mingapi?

Sheria ya 1978 ilitaja miaka saba kuwa umri wa kuandikishwa darasa la kwanza. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, katika toleo lake la 2023, inataka mtoto asome mwaka mmoja wa elimu ya awali akiwa na miaka mitano, kisha aingie darasa la kwanza akiwa na sita.

Msilazimishe wa miaka minne aingie darasa la kwanza kwa sababu "ana akili". Kitakachomchosha ni ratiba nzima ya siku, wala si hesabu.

8. Nisipompeleka mtoto shule nitafanywa nini?

Kutomwandikisha, au kumwachisha kabla hajamaliza, ni kosa. Zipo kanuni za mwaka 2002 kuhusu uandikishaji na mahudhurio ya lazima, na ipo Sheria ya Mtoto (swali la 5). Kwa kawaida jambo huanzia kwa mwalimu mkuu, likaenda kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, kisha mtendaji wa kata, ndipo lifike mahakamani.

Wafugaji wanaohama huniuliza kama kuhama ni udhuru. Kuhama si udhuru, lakini uhamisho ni haki yenu. Ombeni barua ya uhamisho kabla ya kuswaga ng'ombe. Mtoto mwenye barua amehama. Asiye nayo ameandikwa mtoro.

9. Elimu ya lazima ni miaka saba au kumi?

Kwa Sheria ya 1978 kama ilivyotungwa, kilichokuwa lazima ni elimu ya msingi ya miaka saba. Sera, toleo la 2023, inasema miaka kumi: sita ya msingi na minne ya sekondari ya chini. Rais Samia aliizindua rasmi Dodoma mapema mwaka 2025.

Rudi kwenye kipimo cha swali la 2. Mpango wa madarasa, mitaala na walimu unafuata sera. Adhabu kwa mzazi inafuata sheria.

## Fedha

10. "Elimu bure" inalipa nini, na mimi nabaki na nini?

Chanzo chake ni Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015, uliotolewa Novemba mwaka huo na kuanza kutumika Januari 2016. Uliondoa ada na michango ya lazima kuanzia awali hadi kidato cha nne katika shule za umma. Waraka Na. 3 wa 2016 ukaja kufafanua nani anafanya nini, maana wazazi wengi walikuwa wameelewa kwamba wasilete hata daftari.

Serikali ilibeba ada ya sekondari, iliyokuwa shilingi 20,000 kwa mwaka kwa kutwa na 70,000 kwa bweni. Inapeleka pia ruzuku ya uendeshaji, iliyopangwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka na 25,000 kwa wa sekondari, ikiwa ni pamoja na fungu la vitabu. Na inalipia chakula cha wanafunzi wa bweni. Mzazi amebaki na sare, madaftari na kalamu, nauli, matibabu, na vifaa vya kulalia kama godoro na shuka kwa aliye bweni.

Ada ya kidato cha tano na sita iliondolewa baadaye, kuanzia mwaka wa fedha 2022/23.

Fanya hesabu ya shule yenye watoto 600 kwa ruzuku ile ya msingi: milioni 6 kwa mwaka mzima, na sehemu yake ni ya vitabu. Kwa kinachobaki zinunuliwe chaki, karatasi za mitihani, kufuli, zikarabatiwe dawati na choo. Nimekaa na walimu wakuu wakigawa fedha hizo mstari kwa mstari, na sijawahi kuona mstari wenye ziada. Tuwaulize maswali, ndiyo, lakini tuwaulize tukijua ukubwa wa kibuyu walichopewa.

11. Basi michango ya mlinzi, mtihani wa majaribio na uji ni halali?

Kilichokatazwa ni *ulazima*. Wazazi wanaweza kukubaliana kuchangia kwa hiari kupitia kamati ya shule (kwa msingi) au bodi ya shule (kwa sekondari), kwa kibali cha mamlaka ya juu ya shule. Baada ya tamko la Januari 2018 ilisisitizwa kuwa walimu wasiwe ndio wanaokusanya fedha hizo wala kuwabana watoto.

Chakula cha mchana kwa shule za kutwa kina mwongozo wake wa kitaifa, unaowategemea sana wazazi. Huku kwetu tulikubaliana mahindi na maharage badala ya fedha, kila mmoja kwa alichovuna. Mtoto aliyekula anasikiliza. Hilo halihitaji waraka.

Dalili za mchango usio halali: hakuna muhtasari wa kikao, hakuna risiti, kiwango ni kimoja kwa wote na kina tarehe ya mwisho, na jina la asiyelipa linasomwa mstarini.

12. Mtoto wangu amerudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango. Nifanye nini?

Mrudishe shuleni kesho yake asubuhi, uende naye. Katika shule ya umma, mwanafunzi haondolewi darasani kwa mchango. Zungumza kwanza na mwalimu mkuu, kwa heshima na bila hadhira. Asipokubali, andika barua kwa mwenyekiti wa kamati na nakala kwa Afisa Elimu Kata, kisha kwa Mkurugenzi wa Halmashauri.

Wengi hukosea hapa wakaandikia Wizara. Shule za msingi na sekondari za serikali zinaendeshwa na halmashauri chini ya TAMISEMI, yaani ofisi ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Wizara ya Elimu inashika sera, mitaala na uthibiti ubora.

## Nidhamu

13. Mwalimu anaruhusiwa kumchapa mtoto?

Ndiyo, kwa masharti makali ambayo karibu hakuna anayeyafuata. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne kwa mara moja. Ni kwa makosa makubwa ya nidhamu, si kwa kukosa swali la hesabu. Mchapaji ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyeruhusiwa na mkuu *kwa maandishi*, na ruhusa hiyo ni ya tukio hilo tu. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa shule haina. Fimbo iwe nyepesi, ipigwe mkononi au kwenye makalio yaliyovikwa nguo. Umri, jinsia na afya ya mtoto vizingatiwe. Na kila tukio liandikwe kwenye kitabu: jina la mwanafunzi, kosa, idadi ya viboko na jina la aliyechapa.

Soma tena orodha hiyo, kisha kumbuka ulivyosoma wewe. Mwalimu wa zamu aliyesimama getini na fimbo akiwachapa waliochelewa alikuwa nje ya kanuni tangu kiboko cha kwanza. Mimi ningependa viboko viondoke kabisa, na sifichi. Hadi hapo, kitabu hicho ndicho kinga ya mtoto wako. Mwanao akirudi na alama mwilini, mpeleke hospitali kwanza, kisha nenda shuleni uombe kuonyeshwa kitabu cha adhabu. Kama tukio halimo, mwalimu hana kanuni ya kujifichia, na jeraha ni suala la polisi kama jeraha lingine lolote.

14. Shule inaweza kumfukuza mwanafunzi kwa kosa gani? Na mimba je?

Kanuni za kufukuza na kusimamisha wanafunzi, nazo za 2002, zinataja utovu wa nidhamu uliokithiri, makosa ya jinai kama wizi na dawa za kulevya, makosa "dhidi ya maadili", na kuoa au kuolewa.

Tazama maneno hayo: *makosa dhidi ya maadili*. Neno mimba halimo. Lakini kwa miaka mingi mimba ilisomwa ndani yake, hadi wasichana wakawa wanapimwa mikojo shuleni na kuondolewa. Mvulana aliyehusika, kama naye alikuwa mwanafunzi, mara nyingi aliendelea na masomo.

Tarehe 24 Novemba 2021 Waziri Joyce Ndalichako alitangaza mabadiliko, na Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021 ukaruhusu kurejea kwa wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, waliojifungua wakiwamo. Septemba 2022 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto ikatoka na uamuzi kwamba kuwapima kwa lazima na kuwafukuza kulivunja haki zao, ikaitaka serikali irekebishe mambo.

Sasa rudi swali la 3. Mlango uliofungwa kwa tamko umefunguliwa kwa waraka. Mimi nataka haki hiyo iandikwe ndani ya Sheria ya Elimu yenyewe, kwa maneno yasiyohitaji mkalimani, ili binti wa mwaka 2040 asitegemee nani yuko ofisini.

## Kurudi shule, mimba na ndoa

15. Binti amejifungua. Anarudi vipi?

Mzazi anakwenda shuleni kwake kuomba arejeshwe. Kama unyanyapaa wa pale ni mkali, aombe uhamisho wa shule nyingine. Asikubali jibu la mdomo la "nafasi hakuna". Aombe jibu kwa maandishi.

Asiyetaka tena kukaa na wadogo zake darasani ana njia nyingine: elimu ya sekondari kupitia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, na kufanya mitihani ya NECTA kama mtahiniwa wa kujitegemea, akianza na Mtihani wa Maarifa, ule wa kumpima kabla ya mtihani wa kidato cha nne, tunaouita QT. Kwa mtoto aliyekosa shule ya msingi kuna madarasa ya MEMKWA. Njia hizo ni halali na vyeti vyake ni halali, ila zisitumiwe kumsukumia nje anayetaka kurudi darasani kwake.

16. Ile adhabu ya miaka 30 ni kwa nani?

Mwaka 2016 Bunge liliingiza kifungu cha 60A katika Sheria ya Elimu. Ni marufuku kwa mtu yeyote kumuoa au kuolewa na mwanafunzi wa msingi au sekondari. Adhabu ni kifungo cha miaka 30. Anayempa mimba mwanafunzi naye adhabu yake ni hiyo hiyo. Anayesaidia au kushawishi ndoa hiyo, na hapa wamo mjomba aliyepokea barua ya posa na mshenga aliyeileta, anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo cha miaka mitano, au vyote.

Mkuu wa shule ana wajibu pia: kutunza kumbukumbu za matukio ya mimba na ndoa na kuyatolea taarifa kila robo mwaka. "Tuliyamaliza kifamilia" si jibu ambalo sheria inalitambua.

17. Na binti aliyemaliza kidato cha nne akiwa na miaka 16?

Swali hili linaumiza, kwa sababu hapa sheria mbili zinapishana. Kifungu cha 60A kinamlinda *mwanafunzi*. Akishahitimu na bado hajapangiwa shule, anaangukia kwenye Sheria ya Ndoa ya 1971, iliyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi.

Julai 2016 Mahakama Kuu ilisema vifungu hivyo vinakinzana na Katiba, katika kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaunga mkono uamuzi huo. Ukisikia mtu anasema "sheria ya ndoa inaruhusu", mjibu kwamba mahakama ya juu kuliko zote nchini imekwisha kukataa.

## Shule binafsi

18. Nyaraka zinawabana hata wao? Wanaweza kumrudisha mtoto darasa (kumkaririsha) au kumwondoa kwa kukosa wastani?

Shule binafsi inaishi kwa usajili unaotolewa na Kamishna wa Elimu, kwa hiyo haiko nje ya uzio. Mtaala, mitihani ya kitaifa, waraka wa bweni, kanuni za viboko, kifungu cha 60A: vyote vinaihusu. Elimu bila malipo ndiyo isiyoihusu.

Kuhusu mchujo, Wizara imekwisha kukemea zaidi ya mara moja tabia ya kuwaondoa watoto au kuwakaririsha kwa sababu hawakufika wastani wa shule, hasa wanapokaribia mtihani wa taifa. Shule hujitetea kwamba mzazi alisaini fomu ya kujiunga. Fomu ya kujiunga haiwezi kushinda agizo la anayekupa usajili. Kalalamike kwa ofisi ya Uthibiti Ubora wa Shule ya wilaya, ukiwa na nakala ya fomu na barua ya kumwondoa mtoto. Bila karatasi watakuambia "mzazi alimhamisha mwenyewe".

## Yanayokuja, na yanayobaki baada ya chuo

19. Ni kweli mwaka 2027 madarasa mawili yatamaliza shule ya msingi pamoja?

Ndivyo ratiba ilivyo. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa awali, darasa la kwanza, la tatu, na kidato cha kwanza cha mkondo wa amali, yaani wa ufundi. Waliokuwa darasa la tatu mwaka ule wanamaliza msingi darasa la sita, mwaka 2027. Waliokuwa la nne wako kwenye mfumo wa zamani, wanamaliza la saba mwaka huohuo. Januari 2028 wote wanagonga mlango wa kidato cha kwanza.

Kama uko kwenye kamati au bodi, swali la kupeleka kwa diwani ni madarasa mangapi na walimu wangapi. Lipeleke wakati bajeti ya halmashauri inaandaliwa. Likipelekwa Desemba 2027 litakuta fedha zimekwisha kugawanywa.

Nimeulizwa pia kuhusu mkopo wa chuo kukatwa 15% ya mshahara, na kama ni halali kwa aliyesaini mkataba wa kiwango cha chini. Kiwango hicho kiliingizwa na Bunge mwaka 2016 kwa kurekebisha Sheria ya Bodi ya Mikopo. Awali makato yalikuwa 8%. Kwa kuwa kimo ndani ya sheria, mwajiri hana hiari. Tozo ya kulinda thamani ya mkopo ya 6% na adhabu ya kuchelewa ya 10% ziliondolewa mwaka 2021. Kama bado unaziona zikiongezeka kwenye taarifa ya deni lako kwa kipindi cha baada ya hapo, idai Bodi ikurekebishie.

20. Haya yote yanahusu Zanzibar? Na mtoto akivuka bahari?

Hapana, isipokuwa mawili. Elimu si jambo la Muungano. Yaliyo ya Muungano ni elimu ya juu na Baraza la Mitihani. Zanzibar ina Wizara yake, Sheria yake ya Elimu ya 1982, na historia yake: elimu bila malipo ilitangazwa na Mzee Karume tarehe 23 Septemba 1964, miezi minane baada ya Mapinduzi. Wasichana waliojifungua waliruhusiwa kurudi shule Unguja na Pemba miaka mingi kabla ya Bara. Waraka unaosainiwa Dodoma haumfungi mwalimu mkuu wa Wete.

Mtoto anayehama kutoka Pemba kwenda Tanga, au kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja, anavuka kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine, hata kama bendera ni moja. Barua ya uhamisho ipitie wizara zote mbili, na aende na ripoti za madarasa ya nyuma pamoja na cheti cha kuzaliwa. Muulize mapema mwalimu mkuu mpya atampokea darasa la ngapi, kwa sababu mpangilio wa madarasa na masomo haulingani. Kwa aliye kidato cha pili au cha nne, hamisheni kabla ya usajili wa mtihani. Namba ya mtahiniwa inabeba kituo chake.